Kuunda Mabehewa Madogo ya Reli: Kazi ya Subira na ya Kumbukumbu

Watu wengi wakisikia ya kuwa mtu mzima, mwenye mke na watoto na kazi ya ofisini, hukaa mezani usiku akiunganisha vipande vya plastiki ili apate behewa la reli lisilozidi urefu wa kidole, hucheka. Husema kuwa hayo ni mambo ya watoto. Mimi pia nilicheka hivyo hivyo, mpaka siku ile binamu yangu aliporudi kutoka masomoni Manchester, nchini Uingereza, akanikabidhi visanduku vitatu vya karatasi ngumu. Alikuwa amevinunua katika maonyesho ya reli ndogo, kwenye meza ya vitu vilivyokwisha kutumika, kwa bei ya chakula cha mchana. “Baba yako alikuwa mtu wa reli,” aliniambia. “Labda atavipenda.”

Nilivifungua nikaona vijiti vya plastiki vya rangi ya kijivu, na katika vijiti hivyo vimeshikamana vipande vidogo vidogo: kuta, sakafu, bafa, mikono ya breki. Palikuwa na karatasi moja ya maelezo na pakiti ya magurudumu manne. Sikujua wakati huo ya kuwa visanduku vile vingenifundisha jambo ambalo sikulipata shuleni, wala ya kuwa vingemfungua kinywa mzee wangu.

NI KAZI YA NAMNA GANI?

Huko Uingereza kazi hii si jambo geni. Chama cha wapenda reli ndogo cha London, kiitwacho The Model Railway Club, kilianzishwa mwaka 1910, na kingali hai. Mwaka 1920 Bwana Frank Hornby wa Liverpool, aliyekuwa amekwisha kupata sifa kwa vyuma vyake vya kujengea viitwavyo Meccano, alianza kuuza treni ndogo zilizokwenda kwa kamani kama saa. Lakini treni hizo zilinunuliwa zikiwa tayari. Mtu aliyetaka kuunda behewa kwa mikono yake alitumia mbao nyembamba, kadi na chuma, na kazi ilikuwa ngumu.

Plastiki ndiyo iliyofungua mlango kwa watu wa kawaida. Mwaka 1959 kampuni moja iliyokuwa ikitengeneza wanasesere, Rosebud, ilianza kuuza vifurushi vya vipande vya magari ya moshi na mabehewa kwa jina la Kitmaster. Biashara hiyo haikudumu. Mwaka 1962 kampuni ya Airfix iliinunua. Airfix wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza kuuza vifurushi vya mabehewa ya mizigo kwa bei ambayo hata kijana wa shule angeweza kuimudu. Tangu hapo kazi hii haikukoma. Baadhi ya kalibu za chuma zilizotumiwa katika miaka hiyo zilipita kutoka kampuni hata kampuni, na zikaendelea kutoa mabehewa miaka mingi baada ya mabehewa yenyewe ya kweli kuvunjwavunjwa na kuuzwa kama chuma chakavu.

HABARI YA VIPIMO

Kabla ya kushika kisu na gundi, yafaa mtu aelewe vipimo, kwa maana hapo ndipo wengi wanapopotea.

Kipimo kinachotumiwa zaidi Uingereza huitwa OO. Katika kipimo hicho kila futi moja ya behewa la kweli huwa milimita 4, yaani behewa dogo ni sehemu moja ya 76 ya lile kubwa. Mtu mwenye kimo cha futi 6 huwa na kimo cha milimita 24. Hesabu hii ni nyepesi, na karani yeyote aweza kuifanya bila ya karatasi.

Lakini kuna kasoro moja ya ajabu. Njia ya reli ya OO ina upana wa milimita 16.5. Ukizidisha kwa 76 utapata milimita 1,254, hali reli ya kweli ya Uingereza ina upana wa milimita 1,435. Basi behewa ni la kipimo kimoja na njia yake ni ya kipimo kingine! Sababu yake ni hii: zamani watu walipotaka kutumia kipimo kidogo zaidi cha bara la Ulaya, kiitwacho HO, mota zilizokuwapo hazikuweza kuingia ndani ya magari madogo ya moshi ya Kiingereza, ambayo kwa kweli ni membamba kuliko yale ya bara. Basi wakayakuza magari bila ya kuipanua njia. Kosa hilo limekuwa desturi, na desturi imekuwa sheria. Wako mafundi wasioweza kulivumilia, nao hujenga njia zao kwa upana wa milimita 18.83, lakini hao ni wachache, na subira yao ni kubwa kuliko yangu.

BEHEWA NILILOLICHAGUA

Katika vile visanduku vitatu nilichagua behewa la makaa ya mawe la tani 16. Sikulichagua kwa uzuri wake. Ni sanduku la chuma lisilo na paa, lenye magurudumu manne, na hakuna mtu aliyewahi kusimama stesheni ili alitazame likipita. Lakini nilipoanza kusoma habari zake niliona ya kuwa nchi nzima iliota moto kwa sababu yake.

Reli za Uingereza zilitaifishwa tarehe 1 Januari, 1948. Siku ile serikali ilirithi zaidi ya mabehewa 500,000 yaliyokuwa mali ya wenye migodi na wafanyabiashara wa makaa. Mengi yalikuwa ya mbao na yamechakaa. Mahali pake pakaundwa mabehewa haya ya chuma, zaidi ya 200,000, yote yakiwa karibu sawa kama mayai. Yalibeba makaa ya viwanda, ya mitambo ya umeme, ya magari ya moshi yenyewe, na ya meko ya nyumbani. Mwaka 1968 magari ya moshi yalipoacha kutumiwa katika reli za serikali, mabehewa haya bado yalikuwa mengi; na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 karibu yote yalikuwa yameondoka njiani.

Behewa la kweli lilikuwa na urefu wa futi 16 na inchi 6, kwa hiyo lile dogo lina milimita 66 bila ya bafa. Kutoka ekseli moja hata nyingine palikuwa na futi 9, yaani milimita 36. Kila ubavu una mlango mmoja, na mwisho mmoja wa behewa, mmoja tu, ni mlango mzima ulioning'inia kwa bawaba juu. Behewa lilipofika bandarini au kiwandani, liliinuliwa upande mmoja kwa mtambo, mlango huo ukafunguka, na makaa yakamwagika kama mahindi kutoka katika gunia. Msomaji naaukumbuke mlango huo, kwa maana nitaurudia.

KUUNGANISHA VIPANDE

Kazi ya kwanza ni kukata vipande kutoka katika vijiti vyake. Usivivunje kwa vidole. Tumia kisu chenye makali, kisha sugua palipokatwa kwa tupa ndogo au msasa laini. Osha vipande vyote kwa maji ya vuguvugu na sabuni, kwa sababu kiwandani huweza kubakiwa na mafuta yanayozuia gundi na rangi kushika.

Gundi inayofaa ni ile ya majimaji iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki. Haifanyi kazi kama gundi ya seremala. Hii huyeyusha uso wa plastiki, na vipande viwili vikawa kitu kimoja, kama vyuma vilivyochomelewa. Weka vipande pamoja kwanza, kisha gusa ungio kwa brashi yenye gundi kidogo sana. Gundi itaingia yenyewe. Ukizidisha, itamwagika juu ya ukuta na kula misumari na bawaba zote zilizochongwa kwa ustadi. Fungua dirisha ufanyapo kazi hiyo, kwa maana mvuke wake si mzuri kwa kifua.

Unganisha kuta na sakafu juu ya kioo bapa, ukipima pembe kwa skwea. Kisha huja fremu ya chini, nayo ndiyo roho ya behewa. Katika kila mkono unaoshika ekseli tia kikombe kidogo cha shaba, na ncha kali ya ekseli izunguke ndani yake. Magurudumu ya chuma ni bora kuliko ya plastiki, maana hayaokoti uchafu upesi na huenda vizuri zaidi. Kabla gundi haijakauka, weka behewa juu ya kioo na ubonyeze kila pembe kwa kidole. Likitikisika, rekebisha pale pale.

Ninayaandika hayo kwa urahisi sasa, lakini behewa langu la kwanza sikulifanya hivyo. Nilikuwa na haraka ya kuliona limesimama. Nililiunganisha lote kwa usiku mmoja, kwa kukadiria kwa macho, na asubuhi nikampelekea baba kwa majivuno.

Yapasa niseme ya kuwa baba yangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa. Kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa kutembea kando ya treni iliyosimama, mchana na usiku, mvua na jua, akiwa na taa na nyundo yenye mpini mrefu, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia kama kengele. Lenye ufa hutoa sauti nzito, kama chungu kilichopasuka. Tangu alipostaafu alikuwa hazungumzi habari za kazi ile. Tukimuuliza, alijibu, “Ilikuwa kazi tu,” akanyamaza.

Alilichukua lile behewa, akaliweka juu ya kioo cha meza, akagusa pembe moja kwa ukucha. Tik. Akagusa pembe ya pili. Tik.

“Mwanangu,” akasema, “gari hili lina miguu mitatu. Mguu wa nne uko hewani. Lingeanguka kabla halijatoka yadi.”

Nikamwambia, “Lakini, baba, ni dogo sana. Nani ataona?”

Akanitazama kwa kitambo. “Njia itaona,” akasema.

Basi jioni ile nilichukua msumeno mwembamba nikaukata upande mmoja wa fremu, nikauunganisha upya juu ya kioo, polepole. Ilinichukua siku mbili. Wahenga walisema, mwenda pole hajikwai; na ukweli wa maneno hayo unaonekana katika behewa lenye milimita 66 sawasawa na unavyoonekana katika shamba la eka kumi.

Jambo jingine la kukumbuka ni uzito. Behewa tupu la plastiki ni jepesi mno, na huruka njiani kwenye kila ungio la reli. Mafundi wengi hutumia kanuni ya gramu 25 kwa kila ekseli, yaani gramu 50 kwa behewa la magurudumu manne. Katika behewa lisilo na paa ni lazima uzito ufichwe chini ya sakafu, au chini ya shehena. Wengi hutumia vipande vya risasi. Nawe ukitumia risasi, nawa mikono baadaye, na usiibandike kwa gundi nyeupe ya mbao. Maana gundi ile huila risasi taratibu, ikavimba kwa miaka, na mwisho hupasua kazi yako yote.

KUPAKA RANGI

Hapa ndipo behewa linapopata uhai, na hapa pia ndipo kazi nzuri inapoweza kuharibiwa kwa dakika tano.

Tangulia kwa rangi ya msingi, nyepesi, ili rangi zitakazofuata zishike. Kisha paka rangi yenyewe kwa matabaka membamba mawili au matatu badala ya tabaka moja nene. Koroga kopo mpaka chini kabisa, kwa maana nguvu ya rangi hukaa chini kama unga wa uji. Tumia brashi laini, ivute upande mmoja tu, na usirudi mahali ambapo rangi imeanza kukauka. Acha kila tabaka likauke kwa siku nzima. Funika kwa sanduku vumbi lisiingie.

Mabehewa ya makaa yasiyokuwa na breki za kufungwa na gari la moshi yalipakwa rangi ya kijivu. Yale yenye breki hizo yalipakwa rangi ya hudhurungi. Basi mfanyakazi wa reli aliweza kuyatenga kwa macho tu akiwa mbali. Rangi haikuwa pambo. Ilikuwa habari.

Baada ya rangi huja namba. Chini ya ubavu, upande wa kushoto, pana kipande kilichopakwa rangi nyeusi, na juu yake huandikwa kwa rangi nyeupe herufi B na namba ya behewa, pamoja na uzito liwezao kubeba. Katika kipimo chetu herufi hizo hazifikii milimita 2 kwa kimo, na hakuna mkono wa binadamu wa kawaida uwezao kuziandika sawasawa. Kwa hiyo hutumiwa vibandiko vilivyopigwa chapa juu ya karatasi. Hulowekwa katika maji kwa muda mfupi, kisha husukumwa polepole kutoka katika karatasi hadi mahali pake. Siri yake ni kupaka kwanza vanishi yenye kung'aa, ili kibandiko kilale bapa bila ya hewa chini yake. Kikishakauka, funika kila kitu kwa vanishi isiyong'aa, maana behewa la makaa halikung'aa kamwe isipokuwa siku lililotoka kiwandani.

Mwisho huja uchafu. Mtu asiyejua hushangaa kusikia ya kuwa fundi hutumia saa nyingi kulichafua behewa alilolipaka vizuri. Lakini tazama picha za wakati ule: kutu ilianza kwenye maungio na pembe, ikatelemka chini kwa mistari ya mvua. Ndani ya behewa hapakuwa na rangi hata kidogo, kwa sababu makaa yaliikwangua. Palikuwa na kutu na vumbi jeusi. Vumbi la breki lilipaka hudhurungi magurudumu na fremu. Basi chukua rangi ya hudhurungi iliyoongezewa maji mengi ya kuyeyushia, ipake, kisha ifute karibu yote kwa kitambaa, ukivuta kutoka juu hata chini jinsi mvua inavyoanguka. Kilichobaki kwenye pembe ndicho kitakiwacho. Afadhali uchafu kidogo kuliko mwingi, maana kuongeza ni rahisi, kupunguza ni taabu.

MSTARI MWEUPE

Juu ya ubavu wa behewa hili pana mstari mweupe uliolala mshazari, kutoka chini hata juu. Nilipouona katika picha mara ya kwanza nilidhani ni pambo. Si pambo. Mstari ule hupanda kuelekea mwisho ule wenye mlango. Mtu wa mtambo wa kumwagia makaa alipotazama ubavu, alijua mara moja ni mwisho upi ulio na mlango, wala hakuwa na haja ya kuzunguka behewa.

Nilipaka mistari yangu kwa uangalifu mwingi, nikitumia utepe wa kubandika ili kingo ziwe safi. Nilipomaliza niliona kazi yangu ni njema. Nikampelekea baba, nikamweleza maana ya mstari ule. Safari hii magurudumu yote manne yalitua.

Aliushika ubavu mmoja mbele ya macho. “Hapa mlango uko mkono wa kulia,” akasema. Akaligeuza. “Na hapa mlango uko mkono wa kulia tena.”

Nilikaa kimya. Nilikuwa bado sijaona.

“Behewa lina mlango mmoja,” akaendelea. “Ukisimama upande huu, mlango uko kuliani kwako. Ukizunguka ukasimama upande wa pili, mlango ule ule utakuwa kushotoni. Wewe umepaka pande zote mbili sawasawa. Ubavu mmoja unasema kweli, na mwingine unasema uongo.”

Ilikuwa hivyo hasa. Nilikuwa nimenakili mstari kutoka picha moja bila ya kufikiri, kama karani anakilivyo barua asiyoielewa. Baba hakuwahi kuliona behewa la namna ile maishani mwake, wala hakuwahi kufika Uingereza. Lakini alikuwa ametumia maisha yake kusoma alama zilizoandikwa juu ya mabehewa, na alijua ya kuwa alama ni neno la mtu mmoja kwa mwingine ambaye huenda wasionane kamwe. Mtu wa kwanza akiandika vibaya, wa pili ataumia.

Hapo ndipo alipoanza kuzungumza. Alinieleza jinsi walivyoandika kwa chaki juu ya behewa lenye hitilafu. Alinieleza juu ya usiku mmoja wa mvua aliposikia gurudumu likitoa sauti ya chungu, na mkubwa wa zamu akamwambia ya kuwa ni maji tu yanayobadili sauti, treni iende. Baba alikataa kulitia sahihi. Behewa lilitolewa katika treni, na kulipopambazuka ufa ukaonekana, mrefu kama kiganja. Hakuna aliyemshukuru, akasema, kwa sababu hakuna jambo lililotokea. “Kazi yetu ilikuwa hiyo,” akasema. “Kufanya jambo lisitokee.”

Nina umri wa zaidi ya miaka thelathini, na nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo.

MFANO WA PENDON

Katika kijiji cha Long Wittenham, katika jimbo la Oxfordshire, pana jumba la makumbusho liitwalo Pendon. Lilianzishwa mwaka 1954 na Bwana Roye England, aliyezaliwa Australia na kufika Uingereza akiwa kijana mwaka 1925. Bwana huyu aliipenda nchi ya bonde lililo karibu na hapo, nyumba zake za kuezekwa kwa nyasi, bustani zake na reli yake. Akaona nyumba hizo zikibomolewa au kubadilishwa, moja baada ya nyingine. Hakuwa na uwezo wa kuzizuia zisibomolewe. Alichoweza ni kuzipima na kuziunda upya katika kipimo cha milimita 4 kwa futi, kila dirisha na kila tofali mahali pake, jinsi bonde lilivyokuwa katika miaka ya 1930.

Bwana England alifariki mwaka 1995, na watu wa kujitolea wanaiendeleza kazi yake. Nyumba moja huweza kuchukua miezi au miaka. Hawabuni, hupima, hutafuta picha, huwauliza wazee. Kwa ajili hiyo leo mtu aweza kuona mambo ambayo yamekwisha kutoweka, wala si kwa hadithi, bali kwa vipimo.

SISI JE?

Katika makumbusho ya reli mjini Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, limesimama gari kubwa la moshi namba 5918, Mount Gelai. Ni moja katika 34 ya aina ya 59 yaliyoundwa Manchester na kampuni ya Beyer, Peacock mwaka 1955 na 1956 kwa ajili ya Reli ya Afrika Mashariki, na kila moja lilipewa jina la mlima. Wageni hutoka mbali ili kulipiga picha. Inafaa, kwa maana lilikuwa na nguvu nyingi kupita magari mengine ya moshi ya njia ya mita moja.

Lakini gari la moshi halikwenda peke yake. Nyuma yake yalifuata mabehewa ya kahawa, ya magadi, ya ng'ombe, ya mafuta na ya mahindi. Nani aliyepima mlango wa behewa la ng'ombe? Nani akumbukaye alama zilizoandikwa ubavuni na maana zake? Kitu kikubwa hakikosi wa kukikumbuka. Kitu cha kila siku husahauliwa kwanza, kwa sababu kila mtu hudhani kuwa mwingine anakijua.

Basi baba nami tumepatana. Njia yetu ya zamani ina upana wa mita moja, na kwa kipimo cha HO, yaani sehemu moja ya 87, njia ndogo ya milimita 12 inakaribia kabisa kuwa sawa nayo. Njia hiyo yauzwa tayari kwa ajili ya wale wanaounda reli za milimani za Uswisi, ambazo nyingi pia ni za mita moja. Behewa lenyewe sitalinunua katika sanduku. Nitalikata kwa plastiki bapa na kadi. Jumamosi zilizopita tumekwenda na futi ya kamba na daftari. Baba hushika mwisho mmoja wa kamba, nami mwingine. Yeye hutaja jina la kila kipande kama walivyokiita wao, nami naandika. Daftari sasa limejaa kurasa thelathini na moja, na bado hatujamaliza fremu.

Sisemi kwamba kila msomaji aunde mabehewa. Lakini pengine nyumbani kwako yuko mzee aliyeendesha kinu cha maji, au aliyefunga meli bandarini, au mama aliyejua kusuka ghala la mahindi ambalo panya hakuweza kuingia. Chukua rula na daftari ukamwulize sasa, naye angali anaweza kukuonyesha kosa lako.

Lile behewa la makaa lipo juu ya meza ninapoandika maneno haya. Nilikwangua mstari wa upande mmoja nikaupaka upya. Ukitazama kwa makini utaona bado alama hafifu ya mstari wa kwanza chini ya rangi ya kijivu. Nilitaka kuifuta kabisa, lakini baba alinizuia. Alisema behewa lililokaguliwa likatengenezwa ni salama kuliko lile ambalo hakuna aliyelitazama.